Mawakala wa madereva wa malori huku Uingereza: nimekataa shifti ya Jumapili, sasa simu zangu hazipokelewi

Wakuu salaam. Leo nimekuja na povu, na uzi ni mrefu. Asiyependa apite kushoto, hatugombani.

Naendesha semi huku Uingereza, naishi Northampton, ukanda ambao kila ukigeuza shingo unaona ghala. Jumatatu hadi Ijumaa nina wakala wangu anayenipeleka kampuni ile ile. Naanza saa kumi na moja alfajiri, saa tisa alasiri nimeshakabidhi funguo. Ukitoa mapumziko, kazi yenyewe ni kama masaa 44 kwa wiki. Hela hiyo inalipa kodi na chakula, ila ada ya wadogo zangu na bati za nyumba ya bi mkubwa kule Mbeya haigusi. Ndiyo maana nikatafuta wakala wa pili wa Jumamosi. Balaa likaanzia hapo.

Nyumbani nilianza kama utingo, njia ya Tunduma. Dereva anaendesha mpaka macho yagome, tukifika foleni ya mpakani tunalala chini ya tela. Huku hakuna hiyo. Unachomeka kadi yenye jina na picha yako kwenye takografu, ile mashine ya kurekodi masaa ya dereva, na kila dakika inaandikwa. Kuna alama nne: usukani unajiwasha wenyewe gari likitembea, nyundo mbili ni kazi nyingine yoyote, kitanda ni mapumziko, na kile kisanduku chenye mstari wa mshazari ni kusubiri ambako umeambiwa mapema kutachukua muda gani. Hiyo ya mwisho ishikeni, narudi kwake.

Sikukurupuka. Nilikaa mezani na kalamu. Wastani wa kazi hautakiwi kuvuka masaa 48 kwa wiki, kwa kawaida unapigwa kwa wiki 17, na hakuna wiki inayoruhusiwa kuvuka 60. Mapumziko ya wiki ni masaa 45 mfululizo. Unaweza kuyakata yabaki 24, lakini si wiki mbili zinazofuatana, na masaa uliyokata ni deni la kurudishwa kwa mkupuo kabla wiki ya tatu inayofuata haijaisha. Kwa ratiba yangu maana yake Jumamosi moja naingia, nyingine nalala. Wiki ya 44, wiki ya 52, jumla 96, gawa kwa mbili, 48 kamili. Haizidi hata dakika ya kunywa chai.

Nikawaandikia hao wakala wa pili barua pepe na hesabu yote: Jumamosi moja kila wiki mbili, masaa manane, nianze saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu alfajiri niko kazini kwingine. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri aniulize kwa maandishi kama nafanya kazi pengine, na mimi nijibu kwa maandishi. Wao hawakuuliza, nikawajibu hivyo hivyo. Jibu lao lilikuwa mstari mmoja: safi kabisa, hakuna shida.

Siku ya kujiandikisha wakanisukumia rundo la makaratasi, katikati kuna fomu ya kujitoa kwenye kikomo cha masaa 48. Nikamwambia yule binti, hii ni ya watu wa ghalani na ofisini. Dereva wa kudumu wa lori yuko chini ya kanuni za usafiri wa barabara za mwaka 2005, na humo hakuna kujitoa. Akanitazama kama nimeongea Kinyakyusa. "Kila mtu anasaini." Sikusaini. Nadhani jina langu lilitiwa alama siku ile ile.

Haya, Jumamosi ya kwanza. Ijumaa saa nne na dakika 40 usiku, mimi niko kitandani tayari, ujumbe unaingia: muda umesogezwa, anza saa nane mchana. Hakuna samahani, hakuna kuniuliza kama naweza. Nilipaswa kukataa pale pale, nakiri. Nikaenda.

Mzigo kutoka Daventry, nusu Doncaster, nusu Wakefield. Doncaster walishusha haraka, nikapumzika robo saa, nikasonga. Wakefield nimefika saa moja jioni. Wakachukua funguo, wakanipa kile kidude kinachotetema zamu yako ikifika, wakanionyesha chumba cha madereva: viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni kwa bolti na mashine ya kahawa iliyobandikwa karatasi ya "mbovu". Nauliza itachukua muda gani, jamaa wa dirishani anainua mabega. Nikaweka nyundo.

Saa mbili na nusu wakala wa zamu ananipigia. Eti weka kitanda, usituharibie masaa. Nikamwambia kitanda ni muda ambao ni wangu, naweza kwenda zangu kula, na hapa nimeshikilia kidude mkononi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa dirisha la dawa. Basi weka kisanduku, anasema. Kisanduku nacho kinataka nijue mapema nasubiri mpaka saa ngapi. Wewe unajua? Kimya. Nyundo ikabaki.

Kidude kilitetema saa nne usiku. Nimepumzika nusu saa njiani kwenye barabara kuu ya M1, nimekabidhi gari Daventry saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Masaa kumi na mbili na nusu, badala ya manane. Hapo na Jumatatu saa kumi na moja alfajiri ni masaa 26 na nusu tu. Kwa yale 24 ya mapumziko ya wiki nimepona, kwa kuponea tundu la sindano, na deni la mapumziko limepanda mpaka masaa 18 na nusu.

Sasa sikieni. Jumapili hiyo hiyo saa tano asubuhi, simu. Kuna kazi nyepesi jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, malipo ya Jumapili. Wakuu, malipo ya Jumapili ni matamu, sitawadanganya. Nilinyamaza kama dakika nzima nikizihesabu bati kichwani. Halafu nikahesabu kingine: saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa saba. Mapumziko ya siku hayatakiwi kushuka chini ya tisa hata ukiyafinya, na yale 24 ya wiki ndiyo yamekufa kabisa. Nikasema hapana, nikamweleza kwa nini, taratibu tu.

Jibu: "Hiyo kazi yako nyingine sisi haituhusu. Wenzako wanafanya."

Haiwahusu! Barua pepe yangu wanayo, na "hakuna shida" waliandika wao. Lakini wakaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa madereva na magari, wakinisimamisha barabarani watasoma siku zangu 28 zilizopita, za wakala wote wawili kwenye kadi moja. Faini ya papo hapo inafika pauni 300 kwa kosa, na lori wanaweza kulizuia pale pale. Ikinoga zaidi naitwa mbele ya Kamishna wa Usafirishaji kujieleza kwa nini nibaki na leseni. Binti wa wakala hatakuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Kila wakala anaona nusu yake na kuiona safi, mzima wake nabeba mimi.

Ijumaa slipu ya malipo ikaja: masaa manane na dakika 45. Yale matatu ya Wakefield yamenyofolewa, maelezo neno moja tu, kusubiri. Nimewatumia picha ya karatasi iliyotoka kwenye takografu, nyundo zinaonekana moja moja. Wiki ya tatu hii hawajajibu. Jumamosi yangu iliyofuata ikafutwa masaa mawili kabla ya kuanza, tangu hapo ni kimya, huku tangazo lao la kutafuta madereva wa wikiendi linanitokea kila nikifungua simu.

Na ni watu hawa hawa ambao mwaka 2021, madereva walipoadimika mpaka vituo vya mafuta vikakauka, walikuwa wanatubembeleza kama wanaposa. Serikali ikalegeza masaa kwa muda, wao nadhani hawakuwahi kusikia kwamba ulegezaji uliisha.

Kabla hamjaniambia nilitaka mwenyewe: ndiyo, nilitaka. Hata sasa nataka. Natafuta Jumamosi moja kila wiki mbili, inayoanza saa waliyoandika.

Kwa hiyo nauliza wakongwe wa Midlands, ukanda huu wa katikati ya Uingereza. Haya masaa matatu nayadai kwa njia gani, naanza na barua ya malalamiko kwao au naenda moja kwa moja baraza la kazi? Na kama kuna mtu anamjua wakala anayeheshimu muda, anitumie ujumbe pembeni. Jina la hawa siliweki hapa, bado wana hela yangu.