Mjadala: Mtoto mdogo na video za "kujifunza", tumruhusu au tumnyime?

Wakuu, huku Mbeya Juni na Julai baridi hutufungia ndani, na ndani kuna simu. Ukungu umeshika Uyole nzima, mama yuko jikoni, dada anafua, mtoto anawashiwa katuni ya kuhesabu na kutulia tuli. Wapo wanaosema simu marufuku mpaka aanze chekechea, wapo wanaosema mwache, si anajifunza? Natoa wangu, mnikosoe.

Video kwa kiasi siipingi, ila kiasi hicho kina umri wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka 1 haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Saa hiyo ni ya siku nzima. Tamthilia ya usiku mnayoangalia huku mmempakata nayo ihesabuni.

Mtoto wa mwaka na nusu hujifunza maneno kwa kujibiwa. Ananyooshea ndizi kidole, unamwambia "ndizi", anasema "ndi", unacheka, anarudia. Katuni haina subira hiyo. Inauliza "hii rangi gani?" kisha inajijibu yenyewe, mtoto awe amesema au amesinzia. Ndiyo maana hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinachoshauri walio chini ya miezi 18 wasiangalie skrini, kimeruhusu kupiga simu ya video. Bibi aliyeko Tukuyu anamwona mjukuu, anamwita, anamjibu.

Tena hili huwa linaniudhi: mtoto anaimba ABC kwa lafudhi ya Kimarekani, wageni wanapiga makofi, lakini akitaka maji anavuta kanga ya mama. Sisemi video ndiyo iliyomchelewesha. Wapo wanaochelewa kuongea na hawajawahi kushika simu. Huyo mpelekeni hospitali akapimwe masikio kwanza, bando mtalilaumu baadaye.

Nyie wa marufuku nanyi mnajisahau. Mama aliyeshinda Mwanjelwa akiuza mchele anarudi jioni, hana msaidizi, ugali haujasongwa. Mnamwambia "mchezeshe mwenyewe", kwa mikono ipi? Katuni fupi ya Kiswahili kwa mtoto wa miaka mitatu ni afadhali mara mia kuliko azungukezunguke jiko la mkaa.

Ninachokiogopa mimi ni ile video inayofuata kujiwasha yenyewe. Umemwacha kwenye kuhesabu, ukirudi unakuta watu wazima wanapiga kelele na kuvunja midoli. Pakueni mbili tatu mlizoziangalia wenyewe, zimeni data. Au nendeni kibandani wawawekee kwenye flashi, aangalie kwenye TV ya sebuleni, simu ibaki mfukoni. Zikiisha, zimeisha, na hata akilia hakuna nyingine ya kumpa.

Sasa wenye dada wa kazi, mnajuaje mtoto anaangalia nini mkiwa kazini? Na mliowahi kumwachisha aliyekwisha kuzoea, mlimpa nini badala yake, hasa msimu huu ambao nje hakukaliki?