Dawa ya kikwapa ya kutengeneza nyumbani: vipimo gani vinafaa kwa ngozi ya mtoto?

Mzazi wa Tanga:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Binti yangu ametimiza miaka 13 na, kama ilivyo kwa watoto wengi wa rika lake, ameanza kutoa kikwapa, jambo linalomnyima raha shuleni, hasa katika vipindi vya mchana joto linapokuwa kali. Dawa za kupaka za dukani zinamwasha, na nyingine zina manukato makali mno ambayo hata mimi nisingeweza kukaa nayo kutwa. Ndiyo maana nataka kumtengenezea dawa hapa nyumbani, kwa vitu ninavyovifahamu.

Jirani yangu amenielekeza nichanganye mafuta ya nazi, bekingi soda na wanga wa mahindi kwa vipimo sawa, kisha nikamulie ndimu moja. Nina mashaka kwa sababu mbili. Kwanza, dada yangu aliyeko Dar es Salaam alitumia mchanganyiko wa namna hiyo, na haikuchukua muda kwapa zake zikaanza kuwasha, zikatoa vipele na kuwa nyeusi. Pili, mafuta ya nazi huku kwetu ni maji karibu mwaka mzima, kwa hiyo sioni yatakavyoushika huo unga usitulie wote chini ya kopo. Naomba mwenye ujuzi anieleze vipimo vinavyofaa pamoja na sababu zake, maana sipendi kumpaka mtoto kitu nisichokielewa.

Fundi wa Sabuni:

Mama, mashaka yako yote mawili yana msingi. Mimi hutengeneza sabuni na mafuta ya mwili kwa ajili ya kuuza, na kwa maoni yangu maelekezo hayo ya vipimo sawa yameumiza ngozi za watu wengi kuliko yalivyowasaidia.

Tuanze na harufu yenyewe inakotoka. Jasho linapotoka mwilini halina harufu ya kusumbua. Kwapani kuna tezi ziitwazo apokrini, ambazo huanza kufanya kazi mtoto anapobalehe, nazo hutoa jasho zito lenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi hulivunjavunja jasho hilo, na mabaki ya kazi yao ndiyo tunayoyanusa. Kwa hiyo dawa utakayoitengeneza haitazuia jasho. Itanyonya unyevu kidogo, itawapunguzia bakteria nafasi ya kustawi, na itapoza harufu inayokuwa imekwisha kutokea. Kinachozuia jasho ni chumvi za alumini zilizomo katika baadhi ya dawa za dukani, ambazo huziba kwa muda mirija ya tezi. Ni vyema umweleze binti tangu mwanzo kwamba atalowa kama kawaida, ili asije akadhani dawa haifanyi kazi.

Sasa kuhusu soda. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo. pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikipanda uasidi hupungua, huwa karibu na 5, na uasidi huo ni sehemu ya kinga yake. Bekingi soda ikiyeyuka katika maji, au katika jasho, hufikia pH ya 8 na zaidi kidogo, na kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, pengo hilo ni kubwa sana. Soda hukata harufu kwa sababu huziua makali zile asidi zinazonuka, lakini ikiwa ni theluthi nzima ya dawa, na ikapakwa kila siku mahali palipofunikwa, penye joto na pengine palipotoka kunyolewa, hubabua. Tena soda haiyeyuki katika mafuta. Punje zake hubaki kama zilivyo, na kila mkono unapokwenda na kurudi zinaisugua ngozi ileile. Naamini hilo ndilo lililompata dada yako.

Ndimu iondoe kabisa. Ikikutana na soda hutoa povu, na vyote viwili hupoteza nguvu. Maji yake hayakai pamoja na mafuta. Na ngozi iliyoguswa na maji ya ndimu kisha ikapigwa na jua inaweza kuungua na kuacha mabaka yanayodumu kwa muda mrefu.

Kwa dawa ya gramu 100 ningekushauri utumie mafuta ya nazi gramu 35, siagi ya kakao au ya shea gramu 20, nta ya nyuki gramu 10, wanga wa mahindi gramu 31, na bekingi soda gramu 4 tu. Nta ndiyo jibu la tatizo lako la pili. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, yaani Tanga hayana namna ya kuganda, lakini nta huhitaji zaidi ya nyuzi 60, na kiasi hicho kidogo kinatosha kuyashikilia mafuta na unga pamoja. Tafuta nta safi iliyochujwa. Ile ya Tabora hupatikana kwa wauzaji wengi wa asali. Wanga ninaousema ni ule mweupe laini wa kukolezea supu, si sembe, kwa kuwa sembe ina chenga zinazokwaruza.

Weka nta katika bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, usiitie moja kwa moja juu ya moto. Ikishayeyuka, ongeza siagi na mafuta, kisha epua. Chekecha wanga na soda kwa kitambaa chepesi, uvimimine kidogo kidogo huku ukikoroga, na usiache kukoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Ukiumimina koponi ungali moto, unga wote utazama. Usiongeze maji ya waridi wala utomvu wa mshubiri, hata kama utashauriwa hivyo, kwa sababu penye maji ndipo vijidudu na ukungu huota. Kwa sababu hiyohiyo, binti achote kwa kijiko kikavu, kiasi cha punje ya harage kwa kila kwapa, na apake baada ya kujikausha vizuri.

Jambo jingine la hatari: usibadilishe bekingi soda kwa magadi ya kupikia maharage. Magadi, kama yale ya Ziwa Natron, yana kabonati ya sodiamu ndani yake, na ukali wake ni mkubwa zaidi.

Bibi wa Unguja:

Mwanangu, salaam. Aliyenitangulia ameeleza kwa ufasaha, nami naomba kuongeza jambo ambalo sisi wa pwani tulilikuta kwa mama zetu, nalo ni shabu. Ni jiwe jeupe linalopenya mwanga, linauzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa za asili. Baada ya kuoga, lilowanishe, upitishe kwapani mara mbili tatu, liache likauke. Halichafui nguo, halina harufu, na jiwe moja hudumu miezi mingi. Shabu ina uasidi, kinyume cha soda, na huibana ngozi kidogo. Kwa ngozi ya msichana mdogo mimi ningelianza na hilo kabla ya kuhangaika na kuyeyusha nta. Asilitumie tu siku aliyonyoa, kwa kuwa litamchoma.

Wapo watakaokwambia utie mafuta ya karafuu ili yanukie. Karafuu ninaipenda, nimeishi nayo, lakini mafuta yake yaliyokamuliwa ni makali mno kwa kwapa. Akitaka kunukia, atie udi nguo zake.

Fundi wa Sabuni:

Bibi, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu shabu, na ni kweli kwamba kwa wengi huwafaa kuliko soda. Naongeza tu kwa ajili ya wale wanaotengeneza dawa ya nyumbani kwa nia ya kukwepa alumini: shabu nayo ni chumvi ya alumini, ingawa si ile inayotumiwa katika dawa za kuzuia jasho. Hofu ya kwamba dawa za kwapa huleta saratani ya matiti imeenea sana, lakini American Cancer Society, shirika la Marekani linaloshughulikia saratani, inaeleza kwamba tafiti hazijaonyesha uhusiano ulio wazi. Kwa hiyo mtu achague kwa kuangalia ngozi yake inakubali nini, asichague kwa woga.

Muuguzi wa Morogoro:

Naomba nizungumzie ule weusi wa kwapa za dada yako, kwa sababu nisingependa upite hivihivi. Weusi unaofuata vipele na kuwashwa, kisha ukafifia polepole baada ya dawa kuachwa, kwa kawaida ni alama ya ngozi iliyobabuka. Lakini kama ngozi imekuwa nene, laini kama mahameli, na weusi wa namna hiyo unaonekana pia shingoni, tafadhali aende kituo cha afya apimwe sukari, kwa maana hali hiyo mara nyingi huambatana na mwili kushindwa kuitumia insulini ipasavyo. Vilevile majipu yanayorudi mara kwa mara kwapani si tatizo la kikwapa wala la uchafu. Yanahitaji daktari, na dawa yoyote ya kupaka ya nyumbani isitishwe.

Kwa binti, dawa yoyote utakayoichagua ijaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, ungoje siku mbili. Pasipowasha wala kuwa pekundu, ndipo aanze.

Mzazi wa Tanga:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Dada nimekwisha kumpigia simu, na amekubali kwenda kupima. Binti ataanza na shabu kama Bibi alivyoshauri. Nina swali moja lililobaki: sare yake ya shule, shati la poliesta, hurudi na harufu hata baada ya kufuliwa, na anapolivaa asubuhi inaanza upya kabla hajafika shuleni.

Bibi wa Unguja:

Hapo dawa ya mwilini haitasaidia peke yake. Kitambaa cha poliesta hushika mafuta ya jasho, na sabuni ya haraka haraka haiyatoi. Ligeuze shati ndani nje, uliloweke kwa nusu saa katika maji yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa kila lita nne, ulisuuze, kisha ulifue kwa sabuni huku ukisugua mishono ya kwapa, na ulianike juani likiwa bado limegeuzwa. Usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Na kama shule inaruhusu, mshonee mashati mawili ya pamba, ili moja lipumzike jingine likivaliwa.