Filamu ipi ilipigwa kwenye barafu ya kweli? Nataka kuwaonyesha wanafunzi

Mwalimu wa Marangu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha pili. Asubuhi mawingu yakifunguka, wanafunzi wangu wanaiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, wakiwa mstarini, lakini hakuna hata mmoja aliyeigusa barafu yake. Juzi nimechora mto wa barafu ubaoni, binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, inatembeaje na ni ngumu?" Nikamweleza uzito na mteremko. Nilimwona usoni, hakuridhika. Nimeazima projekta, shuka jeupe ninalo, na Ijumaa usiku bwalo letu litakuwa ukumbi wa sinema. Nionyeshe nini? Barafu ya kompyuta siitaki.

Niko Bremen
Mwalimu, tafuta *Chasing Ice* ya 2012. Mpigapicha James Balog alifunga kamera kwenye miamba ya Greenland, Iceland na Alaska, zikawa zinajipiga zenyewe miaka na miaka. Picha zikiunganishwa, barafu inashuka bondeni kama uji mzito. Binti yako atapata jibu lake hapo. Na kile kipande cha Ilulissat, Greenland, Mei 2008, usikikate: siku ile barafu ilimeguka kwa dakika 75. Niliiona kwenye kijiukumbi cha mtaani kwetu huku, taa zilipowashwa hakuna aliyeinuka.

Mpenda picha
*Interstellar* nayo, ile sayari ya barafu. Ni Svínafellsjökull, Iceland, na weusi ule ni majivu ya volkano. Ila filamu yenyewe inakaribia saa tatu, waonyeshe kipande tu.

Mwalimu wa Marangu
Ahsanteni sana. Na mlima wetu wenyewe? Ile *The Snows of Kilimanjaro* ya 1952 inafaa?

Mgumu mstaafu
Ile iache, sehemu kubwa walitengenezea studio Hollywood. Chukua *Kilimanjaro: To the Roof of Africa*, ya David Breashears, 2002. Hiyo walipanda kweli, tena na kamera za IMAX, kubwa na nzito, na mzigo wa namna ile kuupandisha juu si mchezo. Msafara ule sikuwamo, ila njia ya Machame nimebeba mizigo ya wapandaji miaka kumi na minne.

Mwambie huyo binti jambo moja. Barafu ya juu Kibo imekaa pale tambarare, haitembei kama ya Greenland. Ukuta wake umesimama wima kama umekatwa kwa msumeno, una mistari ya vumbi, myembamba, mmoja juu ya mwingine. Jua la mchana likiupiga, unadondosha matone. Nimewahi kukinga kiganja changu pale. Ile ya Furtwängler, karibu na kilele, nimeiona ikiwa kipande kimoja, na nimeiona imegawanyika. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza asilimia 85 ya barafu yake. Waonyeshe ya nyumbani kwanza.

Mwalimu wa Marangu
Shikamoo mzee. Tutaanza na hiyo ya 2002, saa moja na nusu usiku. Kama uko huku mlimani, njoo uwaeleze hiyo mistari ya vumbi mwenyewe. Nitakuwekea kiti mbele.