Kodi ya kaboni mpakani: kwa nini mwenye bolti abebe moshi wa mwenye tanuru?

BoltiNaNati
Wakuu, nauliza kwa uchungu. Naagiza bolti, mabano na vipande vya kukereza kutoka Asia, naviingiza Umoja wa Ulaya. Tangu CBAM, yaani mfumo wa Ulaya wa kutoza kaboni mpakani, ianze Oktoba 2023, mimi ndiye ninayeulizwa kila tani ya chuma imetoa hewa ukaa kiasi gani. Mimi sina tanuru. Kiwanda kinachonikerezea kinanunua fito za chuma kwa dalali, dalali naye ana dalali wake, na mwenye tanuru hajui hata kama nimezaliwa. Na kuanzia Januari 2026 si ripoti tena, ni pesa. Swali: ni haki mwagizaji abebe, au angedaiwa aliyechoma makaa? Binafsi ripoti za mwanzo nilizijaza kwa makadirio tu, zikapita. Sasa naambiwa hayo yamekwisha.

Tanuri Baridi
Mwenye tanuru yuko nje ya Ulaya, utamshikia wapi? Anashikwa aliye mlangoni. Ushuru wa forodha nao hulipwa na nani, si mwagizaji? Viwanda vya huko ndani viko kwenye soko la vibali vya kaboni tangu 2005, na vibali wanavyopewa bure vinapunguzwa hadi viishe 2034. Bila kitu kama hiki wangehamishia matanuru nje, na moshi uleule ungerudi ndani ya bolti zako.

Mama Daftari
Mimi nimekwama kwenye "nilizijaza kwa makadirio tu, zikapita". Zikapita! Wengine tumebembeleza wasambazaji hadi wakaacha kupokea simu zetu, tumepoteza mmoja aliyeona tunamchunguza, kumbe wenzetu walikuwa wanachota namba hewani. Halafu mnakuja hapa kuulizia haki.

BoltiNaNati
Dada, sikuchota hewani. Nilitumia viwango vilivyotolewa na Tume ya Ulaya yenyewe.

Mama Daftari
Dada yako yuko kwenu. Hukusema viwango vya Tume, umesema makadirio. Maneno yana maana.

Kipimapembe
Mnagombana bure. Hadi tarehe 31 Julai 2024 ripoti zilikubaliwa kujazwa kwa viwango hivyo bila kikomo, yaani ripoti tatu za kwanza. Baada ya hapo, kwa bidhaa zilizopitia hatua nyingi kama bolti, makadirio yaliruhusiwa yasizidi asilimia 20 ya jumla. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni ripoti ya nne na kuendelea. BoltiNaNati, na jingine: unaingiza tani ngapi kwa mwaka?

BoltiNaNati
Nimeitwa mchota hewa mbele za watu, halafu naulizwa tani! Ripoti ya nne nilipata barua ya kiwanda, yenye muhuri.

Mama Daftari
Muhuri hata mimi ninao. Namba ilitoka wapi?

BoltiNaNati
Kwa kiwanda.

Mama Daftari
Na kiwanda kiliitoa wapi, na umesema mwenyewe hakimjui mwenye tanuru?

SautiYaKusini
Huu ni ukoloni uliopakwa rangi ya kijani. Walichoma makaa miaka mia mbili, wakajenga reli na meli, leo wanatutoza sisi kodi ya moshi. Msumbiji ina Mozal, kiwanda cha kuyeyusha alumini, kwa miaka mingi alumini yake ilikwenda sana Ulaya, umeme wake chanzo chake kilikuwa maji ya bwawa la Cahora Bassa. Wao nao watozwe?

Tanuri Baridi
Kwanza si kodi. Ni vyeti. Mwagizaji ananunua vyeti kulingana na hewa ukaa iliyomo kwenye mzigo, na bei inafuata ile wanayolipa viwanda vya ndani.

SautiYaKusini
Nikikulazimisha ununue cheti ndipo upite kwenye daraja langu, hicho ni nini? Mchango wa harusi?

NyundoNzito
😂😂 Mchango wa harusi nimeuelewa. Hata harusi ukikosa hakuna faini, hapa ukikosa cheti kimoja ni euro 100, na cheti chenyewe bado unadaiwa.

Tanuri Baridi
Kodi huwekewa kiwango na bunge. Hii bei yake inapanda na kushuka na mnada wa vibali vya ndani. Na nchi ya asili ikitoza kaboni yenyewe, kiasi kilicholipwa huko kinakatwa. Anayetaka pesa ibaki kwake aitoze nyumbani.

SautiYaKusini
Yaani tujitoze wenyewe ili wasitutoze. Asante kwa ukarimu.

Kipimapembe
Kuhusu Mozal, kuna kichekesho ambacho wote wawili mmekiruka. Kwa chuma na alumini, moshi wa kuzalisha umeme hauhesabiwi kwa sasa, unahesabiwa ule unaotoka kiwandani penyewe. Kwa saruji na mbolea ndipo umeme unaingia. Kwa hiyo umeme wa maji haumsaidii mwenye alumini, na anayeyeyusha kwa umeme wa makaa ya mawe haumuumizi. Hapo SautiYaKusini una hoja, ila siyo uliyoileta.

SautiYaKusini
Hoja ni yangu hata kama umeipanga wewe.

NyundoNzito
Kinachoniudhi mimi ni skrubu. Ikija kwenye boksi lake inadaiwa moshi wake. Ikija imekazwa ndani ya mashine, inapita kama mgeni mwalikwa. Skrubu ileile, tanuru lilelile! Desemba 2025 Tume ikapendekeza kuongeza bidhaa kama 180, mashine zikiwemo. Hadi hilo lipite, anayeumia ni anayenunua vipande akaunganishe Ulaya. Kwa hiyo wanahamishia nje kazi ya kuunganisha, jambo walilosema wanalizuia.

Mama Daftari
Sawa, lakini muhuri bado sijajibiwa.

Kipimapembe
Mama Daftari, kuna njia kuhusu muhuri. Mwenye kiwanda cha nje anaweza kujisajili mwenyewe kwenye mfumo wa Tume, akaweka takwimu zake humo, mwagizaji asione siri zake za uzalishaji. Na kwa mizigo ya 2026 takwimu halisi zinahitaji mhakiki aliyeidhinishwa, barua peke yake haitoshi. Asiye nazo anarudi kwenye viwango vya Tume, ambavyo sasa vimeongezewa juu makusudi ili visivutie.

Na tena, kwa wanaokereza: kinachohesabiwa ni fito iliyoingia, siyo kipande kilichotoka. Ukitumia kilo 1.4 kupata kipande cha kilo 1, unabeba moshi wa kilo 1.4. Vile vinyweleo vya chuma vilivyobaki chini ya mashine vinahesabiwa sifuri vikienda kuyeyushwa kwingine, kwako havikupunguzii kitu. Ukitengeneza kwa kufua au kubonyeza badala ya kukereza, hapo unaokoa kuliko barua kumi.

BoltiNaNati
Hili la fito hakuna aliyewahi kuniambia. Wakala wangu wa forodha ananiambia kila kitu kiko sawa, ananitumia bili.

Kipimapembe
Tani ngapi kwa mwaka?

BoltiNaNati
Mwaka huu hadi sasa 43.

Mama Daftari
Eti?

Kipimapembe
Bwana wee. Mabadiliko ya Oktoba 2025 yalifuta kile kiwango cha zamani cha euro 150 kwa kila mzigo, yakaweka tani 50 kwa mwagizaji kwa mwaka mzima, zikijumlishwa bidhaa zote za chuma, alumini, saruji na mbolea. Chini ya hapo hununui cheti hata kimoja. Waagizaji wengi wameondolewa namna hiyo.

NyundoNzito
Kumbe mwenye msiba hana maiti 😂

BoltiNaNati
Subirini. Kuna kontena la Desemba. Tani 9.

Kipimapembe
Basi utakuwa 52. Na ukivuka, hazihesabiwi zile mbili za juu. Zinahesabiwa zote, tangu ya kwanza ya Januari. Na anayevuka lazima awe na idhini ya kuagiza, nayo inaombwa kabla ya kuvuka, siyo baada.

Tanuri Baridi
Liingie Januari.

BoltiNaNati
Mteja anazitaka kabla ya sikukuu. Je, mke wangu akiagiza kwa kampuni yake?

Mama Daftari
Nilisema mimi. Kugawa mzigo ili ukwepe kiwango ni kosa lililotajwa kwenye sheria hiyohiyo.

BoltiNaNati
Nimeuliza tu, dada.