Mjadala: Bei za nyumba zilizouzwa zitangazwe kwa kila shehia (eneo la sheha mmoja), au zibaki siri ya muuzaji na dalali?

Mleta mada

Assalaam alaykum. Nyumba ya marehemu mzee wetu, Fuoni, hapa Unguja, tuliiuza Julai 2020, na mpaka leo sijui kama tulipunjwa au tulibahatika. Ndiyo maana naleta mada hii.

Mnaukumbuka mwaka ule. Aprili ndege za nje zilisitishwa, hoteli za Nungwi na Paje zikafunga milango, vijana wakarudi majumbani na mabegi yao. Wageni waliokuwa wamepita laki tano mwaka 2019 wakabaki kama nusu yake. Mjini kila barza neno moja tu: soko limelala. Sisi warithi saba tulianza na milioni 70. Dalali wa kwanza akatwambia, "Saa hizi nyumba haina bei, chukueni mnachopewa." Wa pili, siku hiyo hiyo baada ya lasiri, akasema Fuoni haishuki, tusubiri. Hatukusubiri, tukauza 55, kwa mikupuo miwili. Miezi mitatu haijapita, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, choo chake bado kiko uani, akauza 62.

Sasa nani alikuwa mkweli? Naona wote wawili, kila mmoja na mtaa wake kichwani. Huyu wa kwanza biashara yake ilikuwa viwanja vya pwani. Kule Paje na Jambiani anayesubiriwa ni mgeni au mwenye hoteli, na mgeni asipokuja hakuna wa kuulizia. Lakini bei ya tangazo haikushuka hata senti! Watu waliteremsha kibao wakaenda kulala. Fuoni, Kwarara na Tomondo mnunuzi ni mwalimu, askari, muuza duka, mtu anayetaka kuhama kwa wakwe zake. Sensa ya 2012 iliwakuta Mjini Magharibi watu 593,678. Ya 2022 ikawakuta 893,169. Laki tatu wameongezeka katika miaka kumi na lazima walale mahali, corona iwepo isiwepo. Kilichobadilika huku ni namna ya kulipa: aliyekuwa akileta fedha taslimu sasa analeta nusu, nyengine "nikipokea mchezo", yaani upatu.

Mji Mkongwe siutii kwenye hesabu. Nyumba ina warithi thelathini, kumi wako Maskati, wawili hawasemeshani. Hiyo haiuzwi soko likiwa macho wala likilala.

Hoja yangu ni hii. Ardhi yetu ni mali ya umma chini ya Rais, tunachouziana ni haki ya kuitumia na jengo lililo juu yake. Na tangu sheria ya uhaulishaji wa ardhi ya 1994, yaani ya kuhamisha haki ya ardhi, mauziano yanatakiwa yapite kwenye Bodi ya uhaulishaji. Kwa hiyo serikali bei inaziona. Basi zitolewe kila miezi mitatu: shehia, ukubwa wa kiwanja, bei, mwezi. Jina la mtu lisitajwe. Mwenye kupinga aje na sababu.

Dalali, Mwanakwerekwe

Yakhe, umeandika vizuri lakini umesahau kitu kimoja ambacho kila mtu barzani kwetu anakijua. Bei ya kwenye karatasi sio bei. Watu wanauziana 50, wanaandika 30, ili ada zisiwaume. Wengine hawafiki hata huko kwenye Bodi, wanaishia kwa sheha na mashahidi wawili, wanapeana mikono, khalas. Sasa wewe utangaze hizo 30 za uongo, kesho mnunuzi aje kwangu na karatasi ya serikali mkononi: "Mbona Kwarara ni 30?" Utakuwa umeishusha Kwarara nzima kwa kalamu.

Halafu nyumba sio mchele ukasema kilo ni kiasi fulani. Gari inafika mlangoni au inaishia kwenye msikiti? Maji yanatoka au wananunua madumu? Ina hati au ina "barua"? Hatua hamsini tu mbele, bei nyengine kabisa.

Na mnatuona sisi madalali kama wezi. 2020 mimi niliuza pikipiki yangu.

Mchangiaji wa Kikwajuni

Wanaume mnazungumza kama anayeuza na anayenunua siku zote ni watu baki. Mimi nitasema ya ndani.

Baba alipofariki alimwacha mama, kaka zetu wawili na sisi wasichana watatu. Kaka mkubwa akasema atainunua nyumba yeye, isitoke kwenye ukoo. Sote tukafurahi. Akaleta mtu wake wa kuithamini, akasema soko limelala, milioni 40. Thumuni ya mama, moja ya nane, hapo ni 5. Zilizobaki 35 zikagawiwa, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, kwa hiyo kila msichana 5 na kila kaka 10. Hesabu ya sheria sina neno nayo, ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini ile 40 aliitoa wapi? Mwaka wa pili akaiuza 64. Kwa 64, thumuni ya mama ingekuwa 8 na kila mmoja wetu angepata 8.

Tumuulize nani? Hakuna aliyekuwa na pahala pa kutizama. Tungeonekana tuna tamaa na tunamsuta kaka yetu mbele ya matanga. Kwa hiyo dalali, hizo bei zako za uongo za kwenye karatasi nazitaka hivyo hivyo zilivyo. Zingekuwepo kumi za shehia yetu, mama angekuwa na cha kushika.

Mchangiaji wa Wete

Huku Pemba habari nyengine. Corona tuliisikia redioni. Soko letu linalala karafuu zikikataa. Mwaka wa mavuno, mabati yanapanda kwenye meli mpaka basi, na kila mtu fundi. Mwaka unaofuata mikarafuu inapumzika na majengo yanapumzika. Nendeni njia ya Chake mkahesabu nyumba zilizosimama kwenye lenta, mtajua karafuu zilizaa mwaka gani.

Nyumba yenyewe huku haiuzwi hovyo. Anayeuza nyumba Wete watu wanamuuliza amepatwa na nini. Kinachouzwa ni kiwanja, na mnunuzi mara nyingi ni mtoto wa hapa hapa aliyeko Dar, Mombasa au Uarabuni, anatuma kwa simu na hajakiona. Huyo ndiye bei inayotangazwa ingemfaa, maana anayemnunulia ni mjomba wake, na mjomba naye ana chake ndani.

Mchangiaji wa Bwejuu

Mimi napinga. Mkitangaza bei za pwani mnawaonyesha wenye fedha wapi pa kuja kuchukua. Watu wetu wakiona jirani kapata milioni mia, kesho wanauza mpaka pa kuanikia mwani.

Mleta mada

Ndugu wa Bwejuu, nakuelewa, lakini wenye fedha wanajua zamani. Wana mawakili, wana madalali wa mjini. Asiyejua ni mzee mwenye minazi kumi aliyeuza kwa bei ya pikipiki na mnunuzi akaiuza tena kabla nazi hazijaanguliwa. Kimya cha bei hakikuzuia hata kiwanja kimoja kuondoka.

Kuhusu dola, kwa kuwa pwani imetajwa: tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Vibao nilivyoviona vimefutwa na kuandikwa shilingi. Ukipiga simu unatajiwa nini, hilo semeni wenyewe.

Dalali, wewe ndiye umenibana. Nilidhani Bodi ina bei, kumbe ina karatasi. Nikitangaza uongo uliopangwa vizuri kwa shehia nitakuwa nimefanya nini? Dada wa Kikwajuni anasema hata huo unasaidia, na kwa kisa chake namkubali, kwa sababu karatasi huandika chini ya ukweli, na yeye alipewa chini hata ya hapo. Lakini kwa mnunuzi wa Kwarara hoja yako imesimama. Basi Bodi tuiache kwanza. Tuanze sisi wenyewe hapa hapa. Andika mtaa, mwaka, ulichoomba, ulichopokea mkononi, na muda uliokaa nayo. Jina usiweke. Hesabu yangu hii hapa: Fuoni, 2020, 70, 55, miezi miwili.

Dalali, Mwanakwerekwe

Haya. Mimi nitatoa ya kwangu mwenyewe, za wateja siwezi. Kianga, 2021, kiwanja cha 15 kwa 20, niliomba 14, nikapokea 13, wiki moja. Nacheka kwa sababu nilikuwa na haraka, na wiki iliyofuata nilimwambia mteja asiwe na haraka.

Mchangiaji wa Tomondo

Tomondo, 2020. Boma la vyumba vitatu mpaka lenta. Niliomba 30, tukakubaliana 24 kwa mikupuo mitatu. Muda siwezi kuuandika, mkupuo wa tatu haujafika.