Kampuni imefutiwa leseni ya kusponsa, na bibi yangu wa saa moja asubuhi atabaki na nani?

Mama Wawili
Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo kabla sijafanya kitu cha kujutia. Niko Uingereza tangu 2023, nafanya kea ya majumbani, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa kwao, siyo nyumba ya wazee, ni ile ya kuzunguka mlango kwa mlango na gari lako mwenyewe. Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa simu tukaambiwa kampuni imefutiwa leseni ya kusponsa, ile ya kuajiri watu wa viza kutoka nje, wenye viza tusubiri barua zetu. Meneja hakuwa na la ziada, na rota (ratiba ya zamu) ya wiki hii imekuja nusu tupu.

Shida yangu ni mbili. Moja ni mimi na wanangu, hiyo mnaijua. Nyingine ni bibi mmoja wa miaka 89 ambaye naenda kwake kila saa moja asubuhi, huu ni karibu mwaka wa pili. Ana ugonjwa wa kusahau. Mgeni akiingia akawasha taa ghafla anapiga kelele, anang'ang'ania ukingo wa kitanda, chakula hali, dawa hanywi. Mimi nilijifunza taratibu, natoa funguo kwenye kile kisanduku cha namba mlangoni, naanza kuimba nikiwa bado koridoni ili asikie sauti kwanza, nafungua pazia la kushoto tu, halafu nakaa pembeni ya kitanda dakika mbili bila kumgusa. Akishanitazama vizuri ananipa mkono. Kwenye karatasi nimepangiwa dakika 30 za kumuogesha, kumvisha, chai na dawa, hizo mbili za kukaa hazijaandikwa popote ila bila hizo siku hiyo haogi.

Bintiye anaishi mbali, amenipigia analia, anasema yuko tayari aniajiri yeye mwenyewe, hata kunisponsa ikibidi. Je inawezekana? Na hizo siku 60 za kutafuta sponsa mwingine au kuondoka zinaanza kuhesabiwa lini?

Nuru K
Pole sana dada yangu. Nimepita humohumo 2024, nikapata kampuni nyingine siku ya 51, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Nianze na la binti wa bibi maana ndilo lenye hatari. Haiwezekani. Familia au mtu binafsi hapewi leseni ya kusponsa kea wa nyumbani kwake, na tangu 11 Machi 2024 kwa England mwajiri wa kea anayesponsa lazima awe amesajiliwa CQC, wale wakaguzi wa huduma za afya na kea. Na kukulipa pembeni ndiyo kabisa usithubutu, hata kama ni kwa nia njema, ukivunja sharti la viza mara moja litakufuata kwenye kila fomu utakayojaza nchi hii. Kuna watu watakwambia mbona tunaruhusiwa saa 20 za ziada kwa wiki kwa mwajiri mwingine, ni kweli, ila zile zimeegemea kazi ya sponsa, kazi ya sponsa ikifa na zenyewe zimekwisha.

Siku 60 zinatokana na barua yako wewe, siyo siku kampuni ilipofutiwa, na kama viza yako inaisha mapema zaidi basi ni hiyo tarehe ya mapema. Barua yaweza kuchukua wiki au hata miezi. Usikae kuisubiri! Fungua ile barua pepe uliyoombea viza hata kama umeacha kuitumia, ndiko inakoweza kuja. Anza leo kukusanya hati zako za malipo za kila mwezi, vyeti vya mafunzo, DBS (cheti cha kukaguliwa rekodi ya uhalifu), na leseni ya kuendesha ya hapa (ile ya nyumbani inakubalika miezi 12 tu na kwa kea ya majumbani bila gari hakuna anayekutazama, nimeona wadada wazuri wa kazi wamekosa kwa hilo tu).

Kinachokusaidia ni kwamba mlango wa kuajiri kea kutoka nje ulifungwa 22 Julai 2025, kwa hiyo kampuni inayotaka mtu wa viza inachota kwa waliopo humu ndani. Mwaka 2025 kila mkoa England ulikuwa na ofisi ya ushirikiano ya kuwaunganisha waliopoteza sponsa na waajiri wengine, angalia kama ya kwenu bado ipo uwaandikie mapema. Na kwa kuwa uliingia kabla ya 11 Machi 2024, watoto wanaendelea kuwa tegemezi wako ukihama kampuni ukabaki kwenye kazi hiihii. Ila kila hatua pitisha kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, siyo ajenti wa WhatsApp.

Sasa sikia pale wengi wanapokwama. Tangu Aprili 2025 sponsa lazima akulipe si chini ya £25,000 kwa mwaka na £12.82 kwa saa. Piga hesabu, ni saa 37 na nusu kwa wiki, kila wiki. Kwenye nyumba ya wazee hilo ni rahisi, unaingia shifti unatoka shifti. Kwetu sisi wa majumbani kazi imekatikakatika, mzee wa asubuhi, mzee wa mchana, chai ya jioni, kulaza usiku, katikati umekaa ndani ya gari. Mteja mmoja akilazwa hospitali saa zako zimepungua, kampuni ndogo haifikishi saa ulizoandikiwa kwenye COS (cheti cha sponsa cha kuombea viza), ikikaguliwa inaonekana ilidanganya. Zingine zilidanganya kweli, ziliandika saa 39 wakati hazina hata wateja. Lakini zingine ni ugumu wa kazi yenyewe. Ndiyo maana kabla hujasaini kwa mwajiri mpya muulize ana wateja wangapi mkononi leo, siyo anaotarajia.

Zawadi77
Mimi niko upande wa pili wa mlango. Mama mkwe alipigwa kiharusi, anakuja kea mara nne kwa siku, wawili wawili kwa sababu ya mashine ya kumnyanyulia. Hawezi maji mepesi, lazima yawekwe ule unga wa kuyafanya mazito, vijiko viwili kwa glasi, ukizidisha hataki, ukipunguza anapaliwa. Kampuni yetu iliyumba kwa mambo hayohayo ya leseni, na ndani ya mwezi mmoja nilihesabu sura 14 tofauti zikipita kwenye kile chumba. Watu wazuri tu, wamechoka, wanakuja na anwani kwenye simu na jina la mgonjwa basi. Nilibandika karatasi kubwa juu ya sinki VIJIKO VIWILI na bado siku moja nikakuta glasi ya maji matupu mezani kwake. Hakunywa, Mungu ni mwema.

Kilichoniuma ni kwamba kila anayezungumzia hizi sheria anahesabu wangapi wameingia na wangapi watoke, sijasikia anayeuliza huyo aliyetoka alikuwa amejua nini kuhusu mtu fulani kitandani. Mama mkwe alikuwa na kea mmoja aliyekuwa anajua akikunja uso hivi ni maumivu na akikunja vile ni aibu. Huyo akaondoka, na mama hawezi kusema.

Dada, mwambie binti wa bibi apige simu halmashauri, idara ya huduma za watu wazima, asisubiri kampuni ifunge. Chini ya Care Act, sheria ya huduma za kea ya 2014, halmashauri ina wajibu mtoa huduma akianguka kuhakikisha mzee hakosi huduma. Na aulize hilo swali moja, kampuni gani inachukua wateja wenu? Maana wakati mwingine kampuni inayochukua wateja inahitaji na watu wa kuwahudumia.

Kaka Salum
Zawadi umesema kitu cha maana sana hapo mwisho. Mimi hivyo ndivyo nilivyopona, niliwafuata wateja wangu, kampuni iliyopewa ile mitaa ikanichukua na mimi.

Ila tuseme ukweli jamani, kufuta leseni kulihitajika. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilifutwa zaidi ya 470 kwenye kea, na zaidi ya wafanyakazi 39,000 walikuwa chini ya kampuni hizo. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa inatuambia tuingize dakika 30 kwenye simu wakati tumekaa 12, nami nikaingiza, nikanyamaza miezi tisa, kwa sababu viza yangu ilikuwa mkononi mwa mtu huyohuyo ningemshtaki. Yule mzee alikuwa anakula sandwichi ya baridi kila mchana kwa vile hakuna muda wa kupasha kitu. Nilikuwa naona na nikanyamaza, hadi leo nikimkumbuka naumia. Kwa hiyo wakikamatwa sawa, lakini kwa nini anayeanza kuhesabiwa siku ni aliyenyonywa? Viza ingefungwa kwenye sekta nzima ya kea badala ya mwajiri mmoja, kama chama cha wafanyakazi cha Unison wanavyodai, ningeondoka wiki ya pili na ningesema kila kitu.

Na lile pendekezo la serikali la Novemba 2025 la kusogeza ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 15 kwa watu wa kea, hebu fikiria miaka 15 ya kunyamaza namna ile.

Mama Wawili
Nimesoma yote, Mungu awabariki sana, nilikuwa sijalala siku tatu. Kaka Salum asante kwa kusema hilo la dakika, najua si rahisi kuliandika.

Nimeshaongea na binti wa bibi, nimemweleza kwa upole kwamba haiwezekani aniajiri, akanyamaza kidogo halafu akasema afadhali kujua. Amepiga halmashauri leo mchana, wamemtajia kampuni ambayo huenda ikachukua wateja wa mtaa wetu na nimeshawaandikia, nikawaambia nina gari, leseni ya hapa na DBS. Barua yangu bado. Nuru umenikumbusha ile barua pepe ya zamani, nimeifungua, hakuna kitu, nitaiangalia kila jioni.

Usiku huu nimekaa na daftari naandika ya kuweka kwenye folda ya bibi kwa yeyote atakayekuja. Imba ukiwa koridoni, wimbo wowote. Usiwashe taa kubwa. Pazia la kushoto kwanza, la kulia lina jua la kumchoma macho. Kaa chini usisimame juu yake. Chai kwenye kikombe cha bluu, kingine anasema si chake. Subiri akupe mkono yeye.