Poda ya papai, asidi au singo: kipi chafaa ngozi ya magamba usoni?

BintiKisauni
Assalam aleikum wenzangu. Dadangu anaolewa baada ya Idi na uso wake una magamba puani na kwenye paji, vipodozi vinashika vipande vipande. Ana madoa ya chunusi pia. Dukani nimeonyeshwa poda ya papai ya kuchanganya na maji, na chupa ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 7. Bei zakaribiana. Shangazi naye hataki kusikia kingine ila singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugua bibi harusi. Nichukue lipi?

Mchomaji_Makadara
Mimi si mtu wa vipodozi, lakini papai nalijua. Nyama ya mishkaki naipaka papai bichi lililopondwa, thomu na tangawizi, naiacha kidogo tu. Ikilala nalo hadi asubuhi inakuwa uji, haishiki kijitini. Hicho ndicho mnachojipaka usoni? Lahaula!

Mwalimu_Kemia
Swali la mchomaji ndilo lenyewe. Kinacholainisha nyama ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Kimejaa kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Tunda likiiva hupungua sana, kwa hiyo anayejipaka papai bivu anapata zaidi maji na sukari.

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zimejaa keratini, protini ngumu, na zimeshikana kwa vifungo vya protini. Mwili una vimeng'enya vyake vya kukata vifungo hivyo pole pole, seli zikadondoka bila sisi kuona. Kwa kijana, ngozi hiyo hujibadilisha kwa takriban wiki 4; umri ukisonga huchelewa. Lakini vimeng'enya hivyo havifanyi kazi pakavu. Ngozi ikikosa maji, seli zinarundikana, na hayo ndiyo magamba. Tena hudhibitiwa na asidi kidogo iliyo juu ya ngozi, pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) karibu 5, ilhali sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Kila kimeng'enya kina mahali pake: amilasi ya mate huanza kukata wanga wa mkate wa mofa mdomoni, lakini pepsini ya tumboni yataka asidi kali, pH karibu 2.

Kwa hiyo, BintiKisauni, kabla hujatoa pesa: dadako anaoshea uso nini?

Tofauti ya poda na asidi ya dukani ni hii. Papaini ni molekuli kubwa, yabaki juu juu ikikata protini. Asidi ya glaikoliki ni ndogo, yapenya zaidi na kulegeza seli zilivyoshikana. Poda ina maana yake, kwani kimeng'enya kikikaa majini huharibika mapema. Usiikoroge kwa maji ya moto, joto hukivunja. Ndiyo sababu nanasi lisilopikwa, lenye kimeng'enya kama hicho, huzuia jeli isigande, na la mkebe halizuii: lilishapikwa.

Nyali_Kwetu
Mimi ni wa asidi, jioni, mara mbili kwa wiki. Poda ilinilainisha uso ila madoa yalibaki vile vile. Asidi ndiyo iliyoyafifisha. Lakini asidi huifanya ngozi ichomwe na jua upesi, na jua la Mombasa mwalijua. Bila krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, usiiguse. Ngozi nyeusi ikiwashwa kidogo tu inaacha alama.

Muuguzi_Likoni
Niongeze la usalama, maana hapa watu hupita haraka. Papaini inaweza kuleta mzio, mara chache mzio mkali. Mtu anayedhurika na glavu za mpira aiepuke. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliamuru dawa za vidonda zenye papaini zitoke sokoni. Hazikuwa zimeidhinishwa, na kulikuwa na ripoti za mzio hatari. Zile zilikuwa dawa za vidonda, si poda za uso, lakini funzo ni moja: ijaribu kwanza ndani ya mkono na usubiri hadi kesho yake. Utomvu wa papai bichi moja kwa moja usoni, hapana. Hauna kipimo.

BintiKisauni
Ahsanteni. Nimemuuliza: sabuni ya mche, ile ya kufulia! Na je, vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kuwa vinang'arisha ngozi?

Mwalimu_Kemia
Vimeng'enya ni protini. Ukimeza, tumbo huvimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki. Usoni havifiki.

MamaMjiWaKale
Wanangu, mwamsingizia shangazi. Singo ni ya mwili: karafuu, liwa (msandali), asmini, waridi. Inasugua, inanukisha, na bibi harusi anakaa na somo wake akifundwa. Usoni ni liwa iliyosagwa laini, isiyo na chenga hata moja. Dodoki pia lisikaribie uso.

BintiKisauni
Basi sabuni ya mche inatoka leo, apate kioshea uso cha pole na mafuta ya kupaka uso ungali na maji. Poda tutaijaribu mkononi kwanza. Asidi ingoje harusi ipite, sitaki alama mpya sasa. Singo mwilini.

MamaMjiWaKale
Hapo sawa. Na wiki ya singo hiyo poda iwekeni kando, ngozi iliyosuguliwa huwashwa upesi.

Mchomaji_Makadara
Mishkaki ya harusi nimeshapewa, au bado?